Haki ya Elimu na Njia ya Kufika Shuleni: Historia ya Usafiri wa Watoto Walemavu Nchini Marekani

Utangulizi

Tunapozungumzia elimu kwa wote, aghalabu tunahesabu madarasa, walimu, vitabu na madawati. Njia ya kufika shuleni ni mara chache kuhesabiwa. Lakini kwa mtoto asiyeweza kutembea, au asiyeona, au ambaye hawezi kuvuka barabara bila kuongozwa, swali la nani atamfundisha hutanguliwa na jingine: atafikaje, na atarudije nyumbani salama? Serikali inaweza kutangaza kwamba mlango wa shule uko wazi kwa kila mtoto. Ikiwa hakuna namna ya kuufikia mlango huo, tangazo hilo litawafaa wale tu ambao tangu mwanzo walikuwa na uwezo wa kufika.

Katika makala haya tunachambua jinsi suala hili lilivyozuka na kupiganiwa nchini Marekani. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo nchi ya kibepari yenye utajiri mkubwa kuliko zote, na ilikuwa na mabasi ya shule kwa maelfu miaka mingi kabla ya watoto walemavu kupata nafasi ndani yake. Hivyo hawezi mtu kudai kwamba walemavu wa huko waliachwa nyuma kwa sababu ya umaskini wa taifa. Pili, mafanikio yaliyopatikana huko ni ya kweli, na hatuna haja ya kuyakana. Kinachotupasa ni kuelewa yalipatikanaje, nani aliyapigania, na kwa nini hata leo hayajakamilika.

Basi la shule lilijengwa kwa ajili ya nani?

Mwaka 1869 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyoruhusu fedha za umma zitumike kuwapeleka watoto shuleni. Wakati huo chombo kilikuwa gari la farasi. Ilipofika mwaka 1919, majimbo yote 48 ya wakati huo yalikuwa na sheria za namna hiyo. Vijishule vidogo vya mashambani vilikuwa vikifungwa na kuunganishwa, na watoto wa wakulima hawakuweza tena kwenda kwa miguu. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo Wamarekani walitambua kwamba ukiiweka shule mbali na mtoto, ni wajibu wa umma kumfikisha.

Mwezi Aprili 1939 Profesa Frank Cyr wa Teachers College, Columbia University, aliitisha mkutano mjini New York. Walikutana maofisa wa elimu wa majimbo na wahandisi wa viwanda vya magari, wakakubaliana juu ya viwango 44 vya ujenzi wa basi la shule. Humo ndimo ilimotoka ile rangi ya manjano ijulikanayo hadi leo, iliyochaguliwa ili basi lionekane mapema hata katika mwanga hafifu wa alfajiri na wa jioni.

Hiyo ilikuwa hatua ya maendeleo. Hata hivyo, basi lililotokana na viwango hivyo lilikuwa na ngazi ndefu za kupandia, mlango mwembamba na viti vilivyobanana. Mtoto wa kiti cha magurudumu hakuwa na pa kupita wala pa kukaa. Mabasi yalijengwa hivyo kwa sababu mtoto huyo hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi. Katika mwaka ule ule wa 1919, ambao majimbo yote yalikuwa yamekwisha kukubali wajibu wa kuwasafirisha watoto, mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin iliunga mkono uamuzi wa halmashauri ya shule ya mji wa Antigo wa kumwondoa darasani mvulana aliyekuwa na ugonjwa wa kupooza. Mvulana huyo aliyaweza masomo. Hoja iliyokubaliwa ni kwamba sura na hali yake viliwasumbua walimu na wanafunzi wenzake.

Hapa ndipo tunapouona mzizi wa jambo lenyewe. Katika mfumo wa kibepari binadamu hupimwa kwa nguvukazi anayoweza kuiuza. Elimu huonekana kuwa gharama ya kuitengeneza nguvukazi hiyo, na basi la shule huwa sehemu ya gharama hiyo. Mtu ambaye mwenye kiwanda hatarajii kupata faida kwake huhesabiwa kuwa mzigo, naye huachiwa wazazi wake au hufungiwa katika majumba ya walemavu mbali na macho ya watu. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lenyewe lilikiri, ndani ya sheria tutakayoieleza, kwamba nchi ilikuwa na watoto walemavu zaidi ya milioni 8, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu iliyowafaa, na kwamba milioni 1 walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100 tangu sheria ya Massachusetts.

Wazazi Weusi wafungua njia

Mapambano ya walemavu hayakuanza peke yake. Yalifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na Wamarekani Weusi, na ni jambo la kukumbukwa kwamba mapambano hayo ya Weusi nayo yaligusa basi la shule. Katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, mwaka 1947 wazazi Weusi waliomba basi moja tu kwa ajili ya watoto wao. Wilaya ilikuwa na mabasi zaidi ya 30 kwa watoto Weupe, na kwa watoto Weusi haikuwa na hata moja. Mkulima mmoja, Levi Pearson, alifungua kesi mwaka 1948. Kesi ilitupwa kwa kisingizio cha mpaka wa eneo alikolipia kodi. Wazazi hawakurudi nyuma. Waliacha kuomba basi peke yake, wakadai usawa katika elimu nzima. Kesi yao mpya iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikatamka kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba.

Wazazi wa watoto walemavu waliisoma hukumu hiyo na kuuliza swali la haki: ikiwa dola haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya rangi yake, yawezaje kumnyima kwa sababu ya mwili au akili yake? Mwaka 1971 wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Pennsylvania, wakiwa wamejiunga katika chama chao, waliishtaki serikali ya jimbo hilo na kuilazimisha ikubali kuwaelimisha watoto hao. Mwaka 1972 kesi ya namna hiyo ilishinda katika mji mkuu, Washington. Halmashauri ya shule ya mji huo ilijitetea kwamba haina fedha. Jaji Joseph Waddy aliikataa hoja hiyo. Alitamka kwamba ikiwa fedha ni haba, basi uhaba huo hauwezi kubebeshwa watoto walemavu kuliko watoto wengine. Kanuni hiyo inafaa kushikwa na kila mpangaji wa mipango, popote alipo, maana neno la kwanza ambalo mlemavu huambiwa ni kwamba bajeti haitoshi.

Sheria yaandikwa, utekelezaji wakwama

Sheria mbili zilifuata. Mwaka 1973, baada ya Rais Nixon kuikataa mara mbili, ilipita sheria iliyokuwa na kifungu cha 504, kilichokataza chombo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Ford alitia sahihi sheria ya elimu kwa watoto wote walemavu. Sheria hii iliutaja usafiri kuwa miongoni mwa huduma ambazo mtoto anastahili kupewa pamoja na masomo yenyewe, bila malipo. Kanuni zake za mwaka 1977 zilifafanua maana ya usafiri: safari ya kwenda shuleni na kurudi, safari kati ya shule na shule, mwendo ndani ya majengo ya shule, na pia vifaa kama mabasi yaliyorekebishwa, lifti za kupandishia viti vya magurudumu na njia za mteremko. Mahitaji ya kila mtoto yalipaswa kuandikwa katika mpango wake binafsi, na wazazi walipewa haki ya kushiriki katika kuuandika.

Lakini kifungu cha 504 kilikaa miaka karibu minne bila kanuni za kukitekeleza. Vyuo, hospitali na halmashauri zililalamikia gharama, na mawaziri wakawa wanaahirisha. Tarehe 5 Aprili 1977 walemavu waliingia katika ofisi za wizara ya afya, elimu na ustawi katika miji kadhaa. Katika mji wa San Francisco zaidi ya watu 100 walikataa kutoka. Walikaa humo zaidi ya wiki tatu, wengi wao bila vitanda, bila dawa zao za kawaida na bila wasaidizi wa kuwageuza usiku. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Kati ya viongozi wao alikuwa Judith Heumann, ambaye alipokuwa na miaka mitano alikataliwa shule huko Brooklyn kwa madai kwamba kiti chake cha magurudumu kingekuwa hatari pakizuka moto.

Tuangalie ni nani waliowaunga mkono. Chama cha Black Panther kiliwapelekea chakula cha moto siku baada ya siku. Wajumbe walipokwenda Washington kumkabili Waziri Joseph Califano, chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwatafutia usafiri. Chombo chenyewe kilikuwa lori la mizigo lililofungwa pande zote, nao wakakaa gizani ndani yake na viti vyao, kwa sababu katika mji mkuu wa taifa tajiri kuliko yote hapakuwa na mabasi ya kuwabeba. Tarehe 28 Aprili 1977 waziri alitia sahihi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1978, walemavu 19 wa mji wa Denver waliyazingira mabasi ya abiria katika makutano ya barabara kuu na kulala hapo hadi kesho yake, wakidai mabasi yenye lifti. Sheria ya kulazimisha mabasi yote mapya ya umma yaweze kupandwa na walemavu ilipatikana tarehe 26 Julai 1990.

Usalama ulikuwa pambano la pili

Kupanda basi ni jambo moja, na kufika salama ni jambo jingine. Mwezi huo huo wa Aprili 1977, siku nne kabla ya ofisi za wizara kukaliwa, vilianza kutumika viwango vipya vya usalama wa mabasi ya shule. Bodi ilitakiwa iimarishwe isibonyee basi linapopinduka, na mabati yaungwe kwa nguvu yasiachane. Viti vilitakiwa viwe na migongo mirefu yenye sponji na vikaribiane, ili basi likigonga mtoto azuiwe na kiti kilicho mbele yake, kama yai ndani ya trei. Viwango hivyo viliokoa maisha ya watoto wengi.

Mtoto wa kiti cha magurudumu hakuwamo katika hesabu hiyo. Yeye hakukaa kati ya migongo miwili yenye sponji. Aliwekwa penye nafasi tupu, mara nyingi akitazama ubavuni mwa basi, na kiti chake kikifungwa kwa namna yoyote ambayo fundi wa mahali alibuni. Kiti cha magurudumu kimetengenezwa kwa kutembelea na hakikukusudiwa kuhimili kishindo cha gari. Basi likifunga breki ghafla, kiti kilichofungwa kwenye magurudumu hunyofoka, na kiti kizito chenye betri huwa hatari kwa mwenyewe na kwa wenzake. Hivyo sheria ilikuwa imemwingiza mtoto ndani ya basi, lakini kitaalamu bado alikuwa kama mzigo uliopakiwa.

Wataalamu, wakiwamo wa University of Michigan, walifanya majaribio ya kugongesha viti vyenye vinyago vya binadamu, na majibu yakawa wazi. Kiti kitazame mbele. Kifungwe kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, na mikanda hiyo ishike fremu badala ya magurudumu. Mtoto mwenyewe afungwe kwa mkanda wake wa nyonga na wa kifua, mbali na mikanda ya kiti. Haya yaliingia katika viwango vya serikali kuu vya mabasi mapya mwaka 1994 tu, yaani miaka 17 baada ya watoto wengine kulindwa. Mwaka 2000 kilitolewa kiwango cha viti vyenyewe, kinachotaka kiti kiwe na sehemu nne maalumu za kufungia na kijaribiwe kwa kishindo cha mwendo wa kilometa 48 kwa saa. Kiwango hicho ni cha hiari, hivyo utengenezaji wa kiti salama umeachwa katika utashi wa soko.

Tena chombo hakitoshi bila mtu. Lifti inahitaji mwendeshaji anayejua kufunga breki za kiti kabla ya kukipandisha. Mtoto mwenye kifafa anahitaji msaidizi anayejua la kufanya. Moto ukizuka, lazima ijulikane mapema nani atambeba nani, kwa mlango upi, na mikanda itakatwa kwa nini. Usalama wa mtoto, basi, umo mikononi mwa mfanyakazi aliyefunzwa na anayemfahamu mtoto huyo.

Mkinzano uliobaki

Na hapo ndipo ubepari unapogongana na sheria zake wenyewe. Sheria ya 1975 iliahidi kwamba serikali kuu ingefikia hatua ya kutoa hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama za mwanafunzi mmoja kwa kila mtoto mlemavu. Ahadi hiyo haijatimizwa hata mwaka mmoja. Mzigo umebaki kwa majimbo na halmashauri, na nyingi zimetafuta unafuu kwa kuwapa makampuni binafsi kazi ya usafiri kwa zabuni.

Matokeo yake yalionekana wazi mjini New York mwaka 2013. Utawala wa mji ulitangaza zabuni mpya kwa njia zipatazo 1,100 za watoto wenye mahitaji maalumu, na ukaondoa sharti lililotokana na mgomo wa 1979, kwamba kampuni inayoshinda iwaajiri madereva na wasaidizi wazoefu kwa kufuata muda wao wa kazi. Tarehe 16 Januari wafanyakazi wapatao 8,000 waligoma. Wanafunzi kama 150,000 waliathirika, na zaidi ya 50,000 kati yao walikuwa walemavu. Wafanyakazi walisema kwamba dereva aliyembeba mtoto yule yule miaka kumi, anayejua mtoto huyo huogopa nini na hupatwa na nini, hawezi kubadilishwa kama tairi. Watawala walisema mji hauwezi kuendelea kulipa gharama kubwa kiasi hicho. Baada ya mwezi mmoja mgomo ulisimamishwa bila sharti lile kurudishwa. Walioumia ni pande mbili za wanyonge: mfanyakazi aliyepoteza hakika ya kazi yake, na mtoto aliyekaa nyumbani mwezi mzima. Ubepari una ustadi wa kuwagombanisha hao wawili, hali maslahi yao ni mamoja.

Hata nje ya mipaka yake mkinzano huu ulionekana. Tarehe 4 Desemba 2012 Seneti ya Marekani ilipigia kura Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao sehemu zake nyingi zilifanana na sheria za Marekani yenyewe. Kura za kuukubali zilikuwa 61 dhidi ya 38, zikapungua kufikia theluthi mbili zinazotakiwa, na mkataba haukuridhiwa.

Mafunzo kwetu

Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009 na kutunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2010. Mwezi Novemba 1977, miezi saba tu baada ya mapambano ya San Francisco, ndipo ilipoanza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Kwa hiyo upande wa msimamo hatuna cha kuonea haya. Lakini historia tuliyoieleza inatuonya kwamba msimamo mwema na sheria nzuri vyaweza kukaa miaka mingi bila mtoto mmoja kusogea hatua moja kuelekea shuleni.

Tunajifunza mambo matatu. La kwanza ni kwamba usafiri si fadhila inayofuata baada ya elimu. Ni sehemu ya elimu yenyewe, na mpango wa shule usioonyesha mtoto mlemavu atafikaje haujakamilika. Hii haina maana kwamba lazima tuige basi la manjano. Mahali pengine jibu ni shule iliyo karibu na nyumbani, au njia iliyosawazishwa, au kiti cha magurudumu kinachohimili vumbi na mawe, au bajaji yenye mikanda na dereva anayefahamika kijijini. Mbinu zitatofautiana, lakini wajibu ni wa umma, wala hauwezi kuachiwa mgongo wa mama peke yake.

La pili ni kwamba kumpakia mtoto siyo kumsafirisha. Chombo kinachomchukua mlemavu kipimwe kwa usalama wake yeye, siyo kwa usalama wa abiria wa kawaida. Tusisubiri miaka 17, kwani elimu ya mikanda minne na ya kutazama mbele ipo tayari na haina siri.

La tatu, na kubwa zaidi, ni kwamba hakuna hatua hata moja kati ya hizi iliyoteremshwa kutoka juu kwa huruma. Kila moja ilidaiwa na walemavu wenyewe na wazazi wao, wakiungwa mkono na wanyonge wengine. Kwa hiyo kamati yoyote ya shule, ya kata au ya halmashauri inayopanga safari za watoto bila mlemavu na mzazi wake kuketi ndani yake, inapanga kwa kubahatisha. Waitwe, waulizwe mtoto anaamka saa ngapi, anabebwa na nani, anavuka barabara ipi, na wapi safari hukwama. Majibu yao ndiyo yawe msingi wa mpango, na bajeti ifuate.